Wosia wa Mashine ya Kinuni

Tijani Gharsallah alikuwa mkuu wa stesheni kabla ya kustaafu, na mpaka leo akivaa koti hufunga vifungo vyote. Alifika kwenye kinu cha kukamua zeituni kwa pikipiki yake kuukuu, magunia yamefungwa nyuma kwa kamba, kofia yake nyekundu imekaa sawasawa kichwani kana kwamba anakwenda kupokea treni ya Tunis. Alishusha magunia mwenyewe. Mtu alipotaka kumsaidia, alimwambia, "Acha, mwanangu, haya mepesi," ingawa shingo yake ilikuwa imetoka mishipa.

Mzani ulikuwa mikononi mwa Hajja Mannubia, mjane mwenye kinu, ambaye hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo tangu mumewe afariki. Alitia mkono ndani ya gunia la kwanza, akatoa zeituni chache, akazigeuza kiganjani. Zilikuwa na vumbi. Baadhi zilikuwa zimekunjamana, baadhi zimepondeka upande mmoja. Zeituni iliyochumwa mtini haina sura hiyo.

Hajja akainua macho ghafla, akatazama mlangoni.

"Nyie!" akapiga kelele. "Nani kaegesha mkokoteni mbele ya mlango wangu? Mnataka lori lipite juu ya vichwa vyenu?"

Wanaume wote waliokaa kwenye benchi wakageuka. Mlangoni hapakuwa na mkokoteni. Walipokuwa bado wanautafuta, Hajja alibonyeza kitufe kwenye kompyuta ya mzani, akachagua neno moja, akafunga gunia.

"Zamu yako ya mwisho leo, Ami Tijani. Tangi la tatu," akasema kwa sauti ya kawaida.

"Ya mwisho ndiyo nzuri," akajibu Ami Tijani. "Mafuta ya zamu ya mwisho hutoka yametulia."

Neno ambalo Hajja alichagua lilikuwa hili: za kuokota.

Miti ya Ami Tijani, ile aliyoachiwa na baba yake, ilikuwa imekauka katika miaka ya ukame, mmoja baada ya mwingine, mpaka shamba likabaki kama makaburi ya vijiti. Hakumwambia mtu. Msimu ukifika alipanda pikipiki akaenda mbali, upande wa kusini ambako hakuna anayemjua, kwenye mashamba ambayo wenyewe wameshavuna na kuondoka. Huko aliinama chini ya miti ya watu akaokota zilizobaki. Kuokota si wizi. Dini inaruhusu na desturi inaruhusu. Lakini ni kazi ya wajane na mafukara, na mtu aliyekuwa akiipungia treni bendera hataki kuonekana amepiga magoti kwenye mchanga wa mwenzake.

Hajja alilazimika kujua, kwa sababu zeituni za chini hazichanganywi na za mtini. Mafuta yake huwa makali, nazo zikitangulia huharibu mafuta ya watakaofuata. Kwa hiyo hukandwa mwisho, katika tangi lao. Lakini tangu enzi za mumewe, jambo hilo lilisemwa sikioni mwa mpimaji, na hapo likaishia. Juu ya ukuta, kwenye skrini kubwa iliyochukua nafasi ya ubao wa chaki, palionekana jina na zamu tu. Ami Tijani alikaa kwenye benchi pamoja na wenye mashamba, akanywa chai nao, akazungumzia mvua kama mwenye shamba. Heshima yake yote ilikuwa imebaki kwenye neno moja ambalo skrini haikulionyesha.

Sasa nije kwa mkwewe.

Wajdi alikuwa mhandisi wa kompyuta, kijana wa mji huohuo, aliyemwoa Raudha, mtoto pekee wa Ami Tijani. Yeye ndiye aliyemshawishi Hajja aachane na chaki. Aliunganisha mzani, matangi na skrini kwenye kompyuta moja iliyofungiwa ndani ya sanduku la chuma, na mwanzoni mwa msimu watu walikuja kuitazama kama wanavyotazama gari jipya la harusi. Wajdi alipita katikati yao, mikono nyuma, akijibu maswali ambayo hakuna aliyeuliza.

Kisha mashine ikaanza kuzimia.

Ilikuwa ikifanya kazi vizuri, halafu bila kuaga skrini inakuwa nyeusi. Baada ya muda inajiwasha yenyewe, safi, haikumbuki kitu. Na kinuni kusahau ni balaa. Mtu hakuja kuchukua mafuta. Amekuja kuchukua mafuta yake. Atasimama hapo tangu zeituni zinaposagwa mpaka tone la kwanza, na ukimwambia kwamba tangi hili pengine ni lake na pengine ni la jirani, ataona heri umtukane mama yake.

Mara ya mwisho ilipozimia, wanaume wawili walishikana mashati mbele ya tangi la kwanza, na Lazhari, mchuuzi wa mbuzi mwenye ulimi usiolala, alikuwa akiwachochea kutoka kwenye benchi. "Onjeni, onjeni! Atakayeharisha ndiye mwenyewe!"

Hajja Mannubia alimwita Wajdi pembeni.

"Injinia, chaki ya marehemu mume wangu haikuzimia hata siku moja."

"Hajja, nipe siku kidogo. Ninahitaji kujua inakufa kwa nini."

"Sikuulizi inakufa kwa nini. Nakuuliza ikifufuka itajuaje zeituni za nani ziko wapi. Ukishindwa, nachukua kitambaa nafuta hiyo televisheni yako naandika juu yake kwa chaki."

Benchi lote likacheka. Wajdi alihisi masikio yanamwaka moto. Kama angecheka nao, pengine hadithi hii isingekuwepo.

Ijumaa hiyo walikula kwa Ami Tijani, kama kila Ijumaa. Raudha alipika kuskusi ya samaki katika jiko la marehemu mama yake, na mzee akaweka katikati ya meza bakuli la mafuta mapya, ya magunia yake ya mwanzo wa msimu, pamoja na mkate wa shayiri.

"Bismillahi. Haya ni ya miti ya babu yako, Raudha," akasema, kama alivyosema kila mwaka.

Wajdi alichovya mkate, akala, akakohoa. Bado alikuwa na kicheko cha kinuni masikioni, na alitaka na yeye achekeshe watu.

"Ami, miti ya babu mwaka huu ina hasira! Mafuta haya tukiyatia kwenye pikipiki yako itafika Tripoli."

Chini ya meza Raudha alimkanyaga mguu, kwa nguvu. Wajdi alidhani anakumbushwa adabu za mbele ya mkwe, akanyamaza huku anatabasamu. Ami Tijani naye alitabasamu. Alipangusa ukingo wa bakuli kwa kidole, polepole, akalisogeza upande wake.

"Mvua zilichelewa," akasema.

Wajdi aliishughulikia mashine kwa siku zilizofuata, na kazi aliyoifanya, kama kazi, ilikuwa nzuri. Ni vizuri kuieleza, maana kosa halikuwa kwenye ufundi.

Kila kompyuta ina kiini chake. Programu nyingine zote, ya mzani, ya matangi, ya skrini, ni wapangaji. Kiini ndicho mwenye nyumba. Mpangaji akifa, mwenye nyumba humtoa na maisha yakaendelea. Mwenye nyumba akifa, taa zote huzimika. Lakini kabla hakijakata roho, kiini huandika maneno yake ya mwisho: kilikuwa kikifanya nini, nani alikuwa akikisemesha, kilijikwaa wapi. Tatizo ni kwamba huyaandika mahali panapofutwa mashine ikiamka. Ni kama mtu anayeandika wosia kwenye mchanga wa pwani.

Wajdi alitenga kipande kidogo cha kumbukumbu ambacho kujiwasha upya hakukigusi. Akakifundisha kiini kuweka humo kila kilichoandikwa katika daftari lake mpaka pumzi ya mwisho. Mashine ikifufuka, kiini kipya hukuta maneno ya yule aliyekufa, huyaweka kama faili ndani ya folda, na hapo programu inayoruhusiwa inaweza kulisoma. Aliufurahia mpango huo. Aliupa jina mwenyewe: wosia.

Ili wosia useme zeituni za nani ziko wapi, ilibidi mtu akiambie kiini kabla hakijafa. Kwa hiyo aliiamuru programu ya mzani ipeleke habari ya kila mzigo kwenye daftari la kiini. Namba ya tangi na jina vingetosha. Lakini programu ya mzani tayari ilikuwa na mstari wake, uliokamilika: jina, uzito, aina, tangi. Wajdi aliuchukua mzima mzima. Aliiona hiyo "aina" kama safu moja kati ya safu. Hakuwahi kumuuliza Hajja ni ya nini, wala kwa nini skrini haikuwahi kuionyesha.

Likabaki swali moja: faili la wosia lifunguliwe na nani?

Alimpigia simu Ibtisam, aliyesoma naye chuoni Sfax na ambaye sasa alikuwa akitengeneza mitambo kama hiyo kwa viwanda vya maji.

"Mpe mwenye mashine peke yake," Ibtisam akasema. "Halafu andika programu ndogo, ichukue jina na tangi tu, iipe skrini. Wosia una kila kitu ndani, Wajdi. Hujui mtu atasema nini akiwa anakata roho."

"Hiyo programu ndogo itanila siku nyingine. Nikiufungua kwa programu zote, skrini inausoma yenyewe moja kwa moja. Leo hii."

"Na watu wakiuona mzima?"

"Waache wauone! Wananiita mwenye televisheni. Nataka waone mashine inavyokumbuka kila kitu."

"Kaka yangu," Ibtisam akacheka, "wewe hutengenezi kinu, unatafuta makofi." Kisha akakata simu, kwa sababu alikuwa na kazi zake.

Wajdi alifungua ruhusa kwa programu zote. Ni herufi chache tu kubadilisha. Hazichukui muda mrefu kuliko kuwasha sigara.

Siku yenyewe ilikuwa ni ile ambayo Ami Tijani alileta magunia yake, siku ya mkokoteni ambao haukuwepo. Baada ya sala ya alasiri kinu kilikuwa kimejaa. Tangi la kwanza na la pili yalikuwa yanamalizia kazi, na la tatu lilikuwa limeanza kukanda zeituni za Ami Tijani. Yeye alikuwa kwenye benchi, glasi ya chai mkononi, kati ya Lazhari na mzee mwingine, akieleza jinsi ya kupogoa.

"Mti wa zeituni ni kama mtoto wa kiume," alikuwa akisema. "Usipomkata akiwa mdogo, akikua atakudharau. Miti yangu mimi naipogoa kwa mkono wangu, simwachii kibarua."

Skrini ikawa nyeusi.

Kelele zikaanza palepale. Watu wakasimama, wakasogea kwenye matangi kama watu wanaokimbilia watoto wao. Hajja akapiga paji la uso. Ila Wajdi, aliyekuwa amesimama karibu na sanduku la chuma, aliinua mikono yote miwili.

"Tulieni! Msiguse kitu! Angalieni ukutani, wote, angalieni ukutani! Leo mtaona. Imekufa, lakini imeacha wosia!"

"Imeacha na mjane?" Lazhari akauliza, na watu wakacheka.

"Soma wewe mwenyewe, Lazhari, si unajua kusoma? Soma kwa sauti, ili baadaye usiseme tumekudanganya!"

Skrini ikaamka. Mistari ikaanza kupanda, myeupe juu ya weusi. Ya kwanza ilikuwa ya ndani ya mashine, namba na majina ambayo hayakuwa na maana kwa yeyote. Kisha ikaja mistari ya mzani, na Wajdi alipoiona alipiga makofi, mara moja, kwa nguvu, kama mtoto.

"Imefanya kazi! Haya, soma!"

Lazhari alikaza macho. "Munsif Zghal. Za mtini. Tangi la kwanza." Munsif akainua mkono, watu wakampisha. "Warithi wa Shaabani. Za mtini. Tangi la pili. Mashallah, televisheni imepata akili! Tijani Gharsallah..."

Akanyamaza. Haikuwa tabia yake kunyamaza, na kwa sababu hiyo waliokuwa hawasikilizi wakaanza kusikiliza.

Mtu asiyejua kusoma akauliza, "Tijani nini? Malizia."

Na Lazhari, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuacha sentensi njiani, akamalizia.

"Za kuokota. Tangi la tatu."

Kisha mtu mmoja wa nyuma akacheka kwa pua, na Lazhari akapata tena ulimi wake.

"Hee! Mkuu wa stesheni! Kumbe treni ya zeituni ikishapita, wewe ndiye unayefagia reli?"

"Na miti unayopogoa kwa mkono wako," mwingine akadakia, "ni ya nani, Ami?"

Ami Tijani aliweka glasi yake chini ya benchi, taratibu, mahali ambapo haitapigwa teke. Akasimama. Vifungo vya koti vilikuwa vimefungwa tayari, lakini vidole vyake vilivipitia vyote, kuanzia juu mpaka chini. Hakumtazama Lazhari. Alimtazama Wajdi, na Wajdi, ambaye mikono yake ilikuwa bado imekutana kifuani kutokana na makofi aliyoyapiga, hakujua aiweke wapi.

"Kazi nzuri, mwanangu," Ami Tijani akasema. "Inasomeka vizuri. Hata mimi bila miwani naisoma."

Akatoka. Pikipiki ilikataa kuwaka mara ya kwanza, ikakataa tena, na wote waliokuwa ndani walisikiliza akipiga teke lile la kuwashia, hakuna aliyekwenda kumsaidia, kwa sababu kwenda kumsaidia kungekuwa ni kumwonyesha kwamba wamesikia. Mwishowe iliwaka.

Ndipo Hajja Mannubia alipofika ukutani. Hakutafuta kitufe. Alishika waya wa skrini akauvuta mpaka plagi ikatoka na kipande cha lipu.

"Lazhari," akasema bila kugeuka, "mbuzi uliowaleta mwaka jana, yule mwenye jicho moja ulimuuza kwa nani, na ulimwambia nini mnunuzi? Niseme? Nina mdomo na mimi."

Lazhari akatazama viatu vyake.

"Sawa. Basi na wewe una siri yako hapa ndani, na wewe, na wewe, wote mmepita kwenye mzani wangu. Kaeni chini mnywe chai."

Kisha akamgeukia Wajdi, na hakupandisha sauti, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Umewahi kumwosha maiti, injinia?"

"Hapana, Hajja."

"Mimi nimewaosha wengi. Mama yangu, majirani; mume wangu, nilikaa na waliomwosha. Unaona mengi. Kovu, kilema, mtu alikuwa akifunga nini kiunoni. Ukitoka pale unasema alikuwa na uso wa nuru, basi. Huendi kubandika sokoni. Mashine yako ilikufa, wewe ukaifunua mbele ya wanaume. Na uliwaita waje!" Akatikisa kichwa. "Mwosha naye huoshwa, mwanangu. Usisahau."

"Sikujua, Hajja. Wallahi sikujua ile aina ni ya nini."

"Ulikuwa na mdomo wa kuniuliza. Ulikuwa nao wa kupiga kelele."

Wajdi aliketi sakafuni karibu na sanduku la chuma, kompyuta yake mapajani, na kufanya yale yote ambayo yangefanyika kabla. Alifuta lile faili. Akafunga ruhusa, akamwachia mwenye mashine peke yake. Akaandika ile programu ndogo ya kuchukua jina na tangi, na haikumla siku nzima. Ilimalizika kabla chai ya pili haijachemka. Na alipousoma wosia kwa utulivu, kwenye nakala aliyobaki nayo, alikuta hata sababu ya mashine kufa: kipande alichokiandika yeye, ndani ya kiini, cha kuusemesha mzani kilikuwa kikisoma mahali ambapo mzani ulikuwa bado haujajibu. Akarekebisha mistari miwili. Tangu siku hiyo mashine haikuzimia tena. Hakuna aliyempongeza, na yeye hakuitaja kwa mtu.

Nakala ile alitaka kuihifadhi, kama mafundi wanavyohifadhi kila kitu. Akauona mstari wa Ami Tijani umekaa humo, katikati ya namba, kama mtu aliyekaa peke yake kwenye stesheni. Akaifuta pia.

Mafuta ya tangi la tatu yalitoka jioni. Hajja aliyajaza kwenye dumu, akalisukuma kwa mguu mpaka miguuni pa Wajdi. Hakusema lipelekwe wapi.

Ami Tijani alifungua mlango kabla Wajdi hajabisha mara ya pili. Alikuwa bado amevaa koti. Alilipokea dumu kwa mikono miwili, akakagua kifuniko, akaliweka ndani ya kizingiti, kama alivyokuwa akipokea mizigo ya watu zamani.

"Mwambie Hajja nimepata."

"Ami, naomba..."

"Usiku mwema. Msalimie Raudha."

Mlango ulifungwa bila kubamizwa. Wajdi alitamani ungebamizwa.

Nyumbani alimkuta Raudha ameketi jikoni, hajapika. Habari za kinuni zina miguu kuliko watu. Wajdi alianza kueleza habari ya kiini, ya faili, ya ruhusa, na akajisikia anavyoeleza, akaiacha njiani.

"Nilikuwa naona kucha zake," Raudha akasema. "Tangu msimu wa mwaka juzi. Mchanga mwekundu. Huku kwetu mchanga si mwekundu. Nikaenda shambani peke yangu, nikaiona miti."

"Ulijua? Na hukuniambia?"

"Nikuambie wewe?" Alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nilikukanyaga mguu, Wajdi. Nilikukanyaga kwa nguvu zangu zote."

Wajdi akakumbuka kidole cha mzee kikipangusa ukingo wa bakuli. Akaona sasa, mmoja mmoja, watu waliokuwa wameshikilia pembe za shuka moja: Hajja na mkokoteni wake wa uongo, Raudha na mguu wake chini ya meza, pengine hata wengine kwenye benchi walioiona miti ile wakipita barabarani na wasiseme. Wote walikuwa wameishikilia bila kuambiana. Ni yeye aliyekuja na elimu yake akaivuta.

Ijumaa ilipofika Wajdi alisema ana kazi. Raudha akamwambia, "Twende," na wakaenda.

Kuskusi ilikuwepo, samaki alikuwepo, mkate wa shayiri ulikuwepo. Katikati ya meza, mahali pa bakuli, palikuwa na chupa ya mafuta ya dukani, ya rangi ya njano hafifu, ina karatasi yenye picha ya alizeti. Ami Tijani alisema bismillahi, na baada ya hapo hakusema kitu kuhusu babu wala miti. Hakuwa amekwenda kinuni wiki nzima. Walisikia saa ya ukutani, ile iliyotoka stesheni.

Wajdi alimega mkate, hakuchovya.

"Ami," akasema, na sauti ikamtoka ndogo kuliko alivyotaka. "Mafuta yako yako wapi?"

Raudha alishika kijiko bila kula. Safari hii hakumkanyaga.

"Yapo," mzee akajibu. "Yana makali. Ulisema mwenyewe."

"Naomba niletewe."

Ami Tijani hakunyanyuka. Alimega samaki, akamtoa mwiba, akauweka kando ya sahani, akamtoa mwingine. Mwishowe akamwambia binti yake bila kumtazama, "Dumu liko nyuma ya mlango."

Raudha akaleta bakuli limejaa. Mafuta yalikuwa ya kijani iliyofifia kuelekea kahawia, na chini yake palikuwa na wingu. Wajdi alichovya mkate mpaka ukalowa, akautia wote mdomoni. Uliwaka ulimini, ukawaka kooni. Machozi yakamjia, na hakukohoa. Akachovya tena.

"Makali?" Ami Tijani akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu kinuni.

Wajdi alikuwa na maneno mawili matatu mazuri ya kusema. Aliyaacha yote.

"Makali, Ami."

Mzee aliendelea kumtazama kwa muda, kama mtu anayesubiri kuona treni itasimama au itapita. Kisha akalivuta bakuli, akachovya mkate wake mwenyewe, akala, na akalirudisha katikati, ila si karibu sana na upande wa Wajdi. Hakuzungumza naye tena mchana ule. Wakati wa kuondoka alimpa Raudha dumu, kama kila mwaka, na Wajdi ndiye aliyelibeba mpaka nyumbani, kupitia njia ya sokoni, mbele ya mkahawa ambako Lazhari na wenzake walikuwa wamekaa. Walimtazama yeye na dumu. Wajdi hakuinua kichwa.